Kidole Kabla ya Koleo

Sikupewa pole. Aliyenipigia simu alikuwa Konsolata, binti mkubwa wa marehemu Barnabe, na sauti yake ilikuwa kavu kama ya karani anayesoma orodha. "Dogiteri, baba amekufa. Kwa maziko usikuje. Utakuja siku ya kuganduka, watu wote wakiwa pale." Akakata kabla sijajibu. Nimefundisha, nimestaafu, ninaishi Mutanga Sud ambako hata walinzi wa malango hunisalimu kwa cheo. Sikuzoea kuamriwa na binti wa muuguzi. Lakini nilielewa kwa nini alinichagulia siku. Maziko ni ya kulia. Kuganduka ni siku ya kuondoa matanga: familia hushukuru, watu hunywa na kula, na mwenye neno juu ya marehemu hulisema mbele ya wote. Asiyelisema siku hiyo haruhusiwi tena kulisema. Konsolata alikuwa ananipa nafasi ya mwisho, na alitaka nijue kwamba haikuwa zawadi.

Wanaonifahamu husema kwamba siamini neno la kusikia. Ni kweli, na wao hulitaja kama sifa. Mwanafunzi aliyeniletea habari ya mgonjwa kwa kuanza na "wanasema" nilimrudisha mlangoni aanze upya. Hakuna aliyewahi kuniuliza tabia hiyo niliipata wapi. Niliipata katika mwaka mmoja, katika chumba kimoja cha hospitali ambayo sitaitaja, nilipokuwa kijana niliyetoka masomoni ng'ambo na diploma ya meno iliyokuwa bado inanukia wino. Nitaueleza mwaka huo kama nilivyouona, na pale ambapo sikuona, nitasema sikuona.

Chumba cha meno kilikuwa mwisho wa ukumbi, dirisha lake likitazama uwanja wa kufulia mashuka. Kulikuwa na viti viwili vya wagonjwa, kimoja kikiwa kimekwama katika hali ya kulala nusu. Juu ya jiko la mafuta ya taa palikuwa na sufuria ya kuchemshia vyombo, na hewa yote ilikuwa na harufu ya mafuta ya karafuu. Kilichotutenga na benchi la wanaosubiri kilikuwa ukuta wa mbao nyembamba usiofika darini, kwa hiyo kila lililosemwa benchini tulilisikia, na kila aliyelia kwetu alisikika kwao. Humo nilimkuta Barnabe. Alikuwa muuguzi aliyefunzwa na wamisionari, hakuwa na cheti chochote cha meno, na alikuwa ameng'oa meno ya nusu ya mji kabla mimi sijaota yangu ya utu uzima. Hakusimama nilipoingia. Alinitazama viatu, akasema kwa mtu asiyekuwepo, "Tumeletewa mutu wa kusoma. Sasa meno itatoka yenyewe ikisikia Kifaransa."

Tulichukiana tangu siku hiyo, na sitalipamba neno hilo. Mchana tulikula katika chumba hichohicho kwa sababu hapakuwa na kingine, tukipeana migongo. Yeye alifungua mkate wa muhogo uliofungwa kwa jani, na maharage yenye ndagala, visamaki vikavu, ndani ya kopo. Mimi nilitandaza gazeti lenye sambusa nilizonunua mtaa wa maduka wa Asiatique. Alitafuna polepole na kwa sauti. Nilikuwa nikisoma huku nikila, naye aliwaambia wafuaji nje ya dirisha, "Muone, hata sambusa anaisoma kwanza." Walicheka. Siku iliyofuata niliwaambia wagonjwa, yeye akisikia, kwamba anayetaka kutibiwa na daktari aketi kiti cha kulia, na anayetaka kutibiwa na fundi aketi cha kushoto. Hakuna aliyecheka. Wengi waliketi kushoto.

Kilichoniudhi kuliko vyote ni desturi yake moja. Kila mtoto aliyeletwa na jino linalolegea, Barnabe hakushika koleo wala sindano kabla ya kuweka kidole juu ya jino hilo. Alilibonyeza chini taratibu, akaliachia, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Kisha aliweka kidole gumba kwenye ufizi, na shavu lake mwenyewe karibu na shavu la mtoto. Nilimwuliza kitabu gani kimeandika hivyo. Akajibu, "Mzee aliyenifundisha alisikia kwa mzee wake. Jino ya mutoto ikirudi juu yenyewe, na fizi inapiga kama moyo, uiache. Ile si jino, ni kizibo." Nilimwambia mbele ya wagonjwa kwamba huo ni uganga wa kienyeji, na kwamba mimi sitibu kwa masimulizi. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba kisichokuwa na ukurasa hakipo. Ukurasa ulikuwepo, mimi ndiye sikuwa nimeufikia.

Sasa ninaweza kueleza kile mzee wa mzee wake alichokijua kwa kidole. Wapo watoto wanaozaliwa na kasoro ya mishipa ya damu ndani ya taya. Damu inayotoka moyoni kwa nguvu inapaswa kupita kwanza katika vimishipa vyembamba kuliko nywele, humo ipungue kasi, ndipo irudi. Kwa watoto hao vimishipa hivyo havipo mahali fulani. Mshipa wa nguvu umeungana moja kwa moja na mshipa wa kurudisha, na ndani ya mfupa hufanyika kiota cha damu kinachopiga. Mtoto hukua na kiota hukua. Mfupa huliwa, jino huelea juu ya damu, hulegea, ufizi huvuja bila kuguswa. Mama huona doa kwenye mto asubuhi. Kila kitu kinafanana na jino bovu, na dawa ya jino bovu kila mtu anaijua.

Mwajuma alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliletwa na baba yake, Fundi Ramadhani, mekanika wa mtaa wa Buyenzi, akiwa amevaa sare ya shule na ameshika kitambaa mdomoni. Kawaida ya hospitali ilikuwa hivi: karani wa dirishani aliuliza maswali kwa Kiswahili au Kirundi, akayaandika kwa Kifaransa kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa, na fishi ndiyo iliyotufikia. Ya Mwajuma ilisema jino la nyuma la chini kulia linalegea, fizi zinavuja, ling'olewe. Nilipokuwa nikiisoma, nilimsikia baba yake ng'ambo ya mbao akimwambia mwanamke wa jirani, "Damu inakuja yenyewe, mama. Hata hajagusa kitu. Amelala tu, inakuja." Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu mawili, kutoka kwa mtu aliyeiona damu kwa macho yake. Nikaiamini karatasi, iliyoandikwa na mtu ambaye hakuona chochote. Barnabe alikuwa ametoka kuchukua maji ya kuchemshia. Msichana, kwa mazoea ya watu wa mji, alielekea kiti cha kushoto. Nikamwelekeza cha kulia.

Sikubonyeza. Nilichoma sindano, nikangoja, nikashika koleo. Jino lilitoka bila kupingana, kama mbegu ya papai lililoiva, na kwa nukta moja nilijisifu. Kisha damu ikaruka. Sisemi ilitoka, iliruka, ikapiga taa, ikarudi kwa mapigo. Nilijaza pamba, nikaitoa ili nione, nikajaza tena, nikaitoa tena, kosa la kila anayeanza, na kila nilipoitoa mtoto alipoteza kiasi ambacho mtoto hana cha kupoteza. Hakulia. Alinitazama tu, macho yake yakiwa wazi kabisa juu ya mikono yangu.

Barnabe aliingia na ndoo. Aliiangusha. Hakuniuliza kitu, alichukua jino kutoka kwenye koleo nililokuwa bado nimelishika, akalirudisha kwenye shimo lake, akalikandamiza kwa kidole gumba, mkono wa pili chini ya taya. "Uma, mama. Uma kidole yangu. Usiogope, uma kabisa." Mwajuma akauma. Damu ikapungua, ikawa mchirizi, kisha ikasimama nyuma ya kidole chake. Bila kugeuza kichwa akaniambia, "Mi siondoke hapa. We, kimbia kwa wapasuaji. Halafu urudi usimame nyuma yangu, usiguse kitu." Nilikimbia, nikarudi. Nikavaa koti safi, kwa sababu la kwanza lilikuwa na matone mawili matatu, nami nilifunzwa kwamba daktari hasimami na koti chafu mbele ya jamaa wa mgonjwa.

Hivyo ndivyo Fundi Ramadhani alivyotukuta alipouvunja mlango: Barnabe amelowa damu tangu kifuani hadi magotini, mkono wake umo kinywani mwa mtoto; na mimi nyuma ya kiti, katika koti jeupe, nimeshika fishi. "We mzee muchinjaji! Toa mukono yako kwa mutoto yangu!" Barnabe hakuweza kuutoa. Ramadhani akampiga kofi la sikio, kisha ngumi ya shingo. Nguvu za mekanika si za kufikirika. Barnabe aliinama, lakini kidole hakikusogea. Akasema tu, "Piga, baba. Lakini usinisukume." Wakati huo nilikuwa na la kusema, na lilikuwa fupi: mimi ndiye. Badala yake nilimshika Ramadhani bega, nikamwambia kwa sauti niliyoifanyia mazoezi ng'ambo, "Tulia, baba. Daktari yuko hapa." Akalitazama koti langu. Akatulia. Akalia begani mwangu, akinishukuru.

Barnabe alisimama vile mpaka adhana ya alasiri iliposikika, ndipo wapasuaji walipomaliza kulifunga jino kwa waya kwenye meno ya jirani yake. Kidole gumba chake kilikuwa cheusi kwa alama za kuumwa. Alikiosha, akachemsha vyombo, akaenda zake nyumbani Ngagara kwa miguu.

Asubuhi yake niliusikia uongo ukizaliwa. Nilikuwa nakunywa chai, peke yangu, na ng'ambo ya mbao benchi lilikuwa limejaa. "Ni yule mzee aling'oa. Nusura aue mutoto wa watu." "Ee! Na yule kijana wa diploma ndiye alirudisha?" "Ndiye. Alirudisha jino kama unarudisha musumari. Banasema aliisomea." "Mimi leo naketi kulia." Wakacheka. Chai ilikuwa ya moto, na nakumbuka niliimaliza yote. Mbao ile ilikuwa nyembamba; ningesema neno moja bila hata kuinuka, wote wangesikia. Barnabe aliingia wakati huo, akasikia sehemu ya mwisho. Alinitazama. Nikakunja gazeti langu.

Mkurugenzi aliagiza ripoti. Niliandika kurasa tatu, zote sahihi: hali ya mgonjwa, wingi wa damu, jinsi jino lilivyorudishwa, waya uliotumika. Jina la aliyeling'oa sikuliandika. Mkurugenzi alijaza pengo hilo kwa yale aliyoyasikia ukumbini, na Barnabe alipoitwa ajieleze alisema, "Aulizwe mwenye kalamu." Sikuulizwa. Wakamkataza kushika koleo. Alibaki kuchemsha vyombo na kushika vichwa vya wagonjwa wangu. Kiti cha kushoto kilitolewa nje, wafuaji wakakitumia kuanikia.

Mwajuma hakuponywa na waya. Waya ulikuwa wa kununua siku. Masista waliomfahamu baba yake walimtafutia safari ya Ulaya, na huko akatibiwa kwa njia ambayo hapa hatukuwa nayo: mrija mwembamba uliingizwa kwenye mshipa wa kinena, ukaongozwa hadi tayani, na kiota kikazibwa kutoka ndani. Siku chache baadaye wakaling'oa lile jino, likatoa damu kama jino lolote. Alirudi baada ya miezi, uso mzima, hana kovu. Buyenzi hawakuamini. Walisema kama hana kovu basi hakutibiwa, alifichwa tu mahali. Wengine walisema ni dawa niliyompa mimi kabla ya safari. Sikuwa nimempa hata kidonge.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule Barnabe aliniambia neno moja tu. Alilisema kila mtoto mwenye jino linalolegea alipoketi, mikono yake mipana ikiwa imeshika kichwa cha mtoto, na hakukiachia kichwa mpaka nimetii. "Bonyeza." Si ombi. Nilibonyeza. "Bonyeza." Nilifumba macho kama alivyofumba yeye. Meno mengi yalibaki chini au yalicheza ovyo, na alipoona hivyo aliondoa mikono yake na kutazama dirishani nikiendelea. Nilidhani ananidhalilisha, na huenda ndivyo. Mpaka siku moja, mwaka ukielekea kwisha, mvulana mdogo wa Kamenge akaketi, taya la juu limevimba kidogo, fishi ikisema jipu. "Bonyeza." Nikabonyeza. Jino lilizama, na nilipoliachia likainuka polepole likanisukuma kidole, na chini yake kitu kikapiga, kikapiga. Nilifumbua macho. Barnabe alikuwa amekwisha kuondoa mikono kichwani mwa mtoto na kuiweka juu ya trei ya makoleo, kuifunika. Sijui alijuaje. Niliweka sindano chini, nikaandika fishi upya kwa mkono wangu, na mvulana hakung'olewa jino. Mchana ule Barnabe alikula akiwa amenipa mgongo, kama kawaida. Mwisho wa mwezi akaacha kazi, hakuaga.

Tangu hapo nimepanda vyeo. Kila mahali nilikoitwa kufundisha, kisa cha binti wa Buyenzi kilinitangulia, kikiwa kimenona njiani. Sikukisimulia kamwe. Sikukikanusha kamwe. Nimewafundisha vijana kubonyeza kabla ya kung'oa, na nilipoulizwa nilijifunza wapi, nilijibu, "Kazini." Nililichukia neno la kusikia kama mtu anavyomchukia shahidi anayejua anakoishi.

Basi nilikwenda Ngagara, mtaa wa Barnabe, kartie ya tatu, siku ya kuganduka. Mahema mawili, viti vya plastiki vimepangwa kwa ukoo na kwa cheo, na kijana mwenye kipaza sauti akimpeleka kila mgeni mahali pake. Nilipoelekea safu ya mbele, Konsolata alisimama mbele yangu. "Apana, dogiteri. Pale ni pa famille." Nikaelekea ya pili. "Pale pia kuna wenyewe." Nikamwuliza niketi wapi. "Sijasema uketi." Nikabaki nimesimama kwenye ukingo wa hema, nusu kivulini, fimbo yangu mkononi, na watu wakaanza kuonyeshana. Mwanamke wa makamo mwenye ushungi wa rangi ya kahawia, duka lake la vitenge ninalipita mara nyingi Asiatique bila kuingia, alisogea karibu nami. Sikumtambua mpaka alipozungumza, kwa kuwa taya lake halina alama yoyote.

"Unanijua?"

"Mwajuma."

"Kila Idi nilimuletea huyu mzee pilau. We sikukuletea."

"Hukuwa na sababu ya kuniletea."

"Baba yangu amekufa akikuombea dua. Nilimwambia si wewe, akasema nilikuwa mutoto, sikuona vizuri." Alinitazama kwa macho yaleyale. "Siku ile nilikuwa na kinywa wazi, dogiteri. Na macho pia."

Alirudi kwenye safu ya pili, akaketi. Kijana wa kipaza sauti alisoma maisha ya marehemu: mume mwema, mkristo, muuguzi wa miaka mingi, "aliyepata bahati mbaya moja kazini." Baadhi walitikisa vichwa kwa huruma, ile huruma ya kusamehe. Kisha akauliza kama yupo mwenye neno. Konsolata alikuwa akiwagawia wazee vinywaji. Mikono yake ilisimama, lakini hakugeuka.

Sikuhitaji kuinuka. Nilisema kutoka pale nilipokuwa, bila kipaza sauti, na sauti yangu haikuwa ile ya ng'ambo. Nikasema: "Jino la Mwajuma nililing'oa mimi. Sikuligusa kwanza kwa kidole, ingawa Barnabe alikuwa amenionya. Yeye alilirudisha, akalishika mpaka alasiri, akapigwa kwa ajili yangu, nami nikanyamaza. Nilisikia mkisema kinyume, tangu siku ya kwanza, nikaacha mseme. Kila mtoto niliyemwokoa baada ya hapo aliokolewa na kidole chake." Sikuomba msamaha. Aliyekuwa na haki ya kuutoa alikuwa kaburini.

"Miaka yote hii!" mzee mmoja akasema. "Na ukala ukubwa juu ya mugongo ya mutu," mwingine akamalizia. Mtu fulani nyuma alicheka, kicheko kibaya. Kijana wa kipaza sauti alitazama programu yake, isiyokuwa na mahali pa jambo hilo.

Konsolata alitua kreti ya vinywaji. Alikwenda kwenye lundo la viti, akachomoa kimoja, akakileta, akakitua mbele yangu kwa kishindo.

"Baba aliacha neno moja juu yako," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Alisema, siku atasema mwenyewe, mumupe kiti. Kama hasemi, asimame. Si mimi nakupa. Ni yeye."

Akaondoka bila kungoja shukrani, nami sikuwa nayo ya kumpa. Niliketi. Sahani ya mishikaki ilipita safu kwa safu, ikafika kwangu, ikanipita. Niliketi mpaka mwisho.